UZI: Kabla hujauliza bei ya bima ya shamba, uliza nani anapima hasara na anapimia wapi

mkulima_ismani (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Msimu unakaribia, mawakala wa bima wameshaanza kupita vijijini na kwenye maduka ya pembejeo. Huku kwetu Ismani, Iringa, kila ninayekutana naye ananiuliza: ile bima yako ulihamia wapi, na mwaka huu unakata tena? Nimejibu kwa mdomo hadi koo limekauka, nikaona nifungue uzi ili na wengine waweke waliyopitia. Sitaji kampuni, wala iliyonilipa wala ile ambayo haikunilipa, maana shida yangu haikuwa jina la kampuni.

Nalima mahindi ekari kumi na alizeti kidogo pembeni. Misimu miwili ya mwanzo nilikata bima ya hali ya hewa, ile inayopima mvua. Nilikatia gharama za shamba, shilingi 400,000 kwa ekari, jumla milioni 4, ada asilimia 5, yaani laki mbili. Wakala alinieleza vizuri tu: mvua ikipungua hakuna mtu wa kuja kukagua, setilaiti inasoma, pesa inaingia kwenye simu. Nikaipenda hapo hapo. Swali langu pekee lilikuwa kama ada inapungua.

Msimu wa pili ulianza kwa neema. Desemba ikanyesha, Januari ikanyesha hadi tukawa tunalalamikia palizi. Februari, mahindi yanaanza kutoa mbelewele, mvua ikakata. Siku 24 hakuna tone. Asubuhi unayakuta majani yamejiviringisha, jioni bado hayajafunguka. Machi mvua ikarudi kwa nguvu ikanyeshea mabua. Kule ekari za juu nilimenya gunzi moja nikahesabu punje: 11. Ekari zote kumi zilinipa gunia 31.

Nikasubiri pesa. Ukaja ujumbe kwamba eneo langu halikufikia kiwango cha kulipwa. Nilipanda gari hadi mjini na lile gunzi nimelitia kwenye mfuko wa rambo. Ofisa alinipokea kwa heshima, akafungua hati yangu ukurasa wa tatu, akaniwekea kidole: mvua ya jumla kuanzia 15 Desemba hadi 31 Machi, ikishuka chini ya milimita 300 ndipo malipo yanaanza. Setilaiti ilisoma 341. Hati ilisema hivyo tangu siku ya kwanza, na sahihi chini yake ni yangu.

Mahindi hayanywi jumla, wakuu. Wiki mbili tatu za kutoa mbelewele na kubeba ndizo zinazoamua kama utavuna au utalisha mabua ng'ombe. Zipo bima za mvua zinazogawa msimu vipande: kuota, kukua, kubeba, kukomaa, na kila kipande kina kiwango chake. Yangu haikugawa. Kama ningejua kuuliza swali hilo moja, ningechagua nyingine kwa ada karibu ile ile.

Nilihamia bima ya wastani wa mavuno ya eneo. Hii haijali mvua wala wadudu, inaangalia kilichotoka shambani. Wanachagua mashamba kadhaa ndani ya kata, wanapima viwanja vidogo, wanavuna, wanakausha, wanapima uzito, wanapata wastani wa kata nzima. Kwetu wastani wa miaka ya nyuma ulikuwa gunia 10 kwa ekari. Bima inalinda asilimia 70 ya hapo, yaani gunia 7. Msimu uliofuata wastani ulitoka gunia 5. Pengo ni 2 kati ya 7, kama asilimia 28.6, na kwa milioni 4 zangu nikapata milioni 1 na laki 1 na elfu 43. Ada yake ilikuwa juu, asilimia 7, yaani 280,000, na pesa ilikuja Septemba, mavuno yameshakwisha kupimwa na kuhakikiwa. Ile ya mvua ingelipa mapema zaidi. Hapo kila mtu apime mwenyewe: mwenye deni la kulipa Juni, Septemba ni mbali.

Na mjue ubaya wake pia. Jirani yangu alishambuliwa na viwavijeshi vamizi, akavuna gunia 2 kwa ekari. Naye alilipwa kwa wastani wa gunia 5, kama mimi. Ingekuwa kata nzima imevuna vizuri na yeye peke yake kaharibikiwa, asingepata hata senti. Alilia mbele yangu, mtu mzima, na sikuwa na la kumwambia.

---

kijana_vwawa

Mkuu ahsante kwa uzi, ila mimi nabaki na msimamo wangu. Laki mbili na themanini ni mifuko kadhaa ya mbolea. Nimelima miaka sita sijawahi kukosa kabisa. Huku Songwe mvua tunayo. Kwa nini nisiweke hiyo pesa ardhini?

---

mkulima_ismani

Mdogo wangu, kwa Vwawa sikubishii sana. Mvua yenu siyo yetu. Kama unalima kwa pesa yako, una kahawa, una mahindi, una mbuzi wawili watatu wa kuuza mambo yakiharibika, basi tayari una namna yako ya kujikinga, na sitakwambia ukakate bima kwa sababu mimi nimekata.

Mimi nakatia ekari ambazo nimekopea. Zile ekari mbili za chakula cha nyumbani, nje ya hizo kumi, sikatii. Mbolea nyingi kwenye msimu wa ukame inaongeza hasara tu, nilishaona. Nisichotaka kurudia ni kuuza ng'ombe wa kulimia ili nilipe deni la mbegu, maana ukiuza maksai Julai, Desemba unalima na nini?

---

mama_maziwa_rungwe

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi sina mahindi ya kuuza, nina ng'ombe wa maziwa chotara wanne. Na mimi nilihama bima, ngoja niseme ilivyokuwa.

Ng'ombe wangu mkubwa nilimkatia kwa thamani ya 2,800,000, ada asilimia 4, yaani 112,000 kwa mwaka. Akapata ndigana kali. Tumehangaika naye siku tatu, Jumamosi jioni akafa. Jumapili watoto na majirani wakanisaidia kuchimba shimo tukamzika, mbwa walishaanza kuzunguka. Jumatatu asubuhi ndiyo nikapiga simu ya bima. Wakaniuliza maswali matatu: daktari wa mifugo amempasua akaandika ripoti? Hereni iko wapi? Kwa nini hukutoa taarifa ndani ya saa 24? Hereni ilikuwa sikioni mwake, chini ya udongo. Madai yakakataliwa.

Nilikasirika sana, nikasema bima basi. Halafu nikakaa na karatasi zao usiku mmoja na mwanangu akinisomea. Yote yalikuwemo. Ila aliyeniuzia hakuniambia hata moja kati ya hayo, na hilo bado linaniuma, kwa sababu mtu anayemuuzia mama wa kijijini bima ya ng'ombe anajua kabisa ng'ombe akifa watu wanafikiria shimo kwanza.

Kwa hiyo nilipohama sikuulizia ada. Niliuliza: ng'ombe akifa usiku wa Jumamosi nampigia nani, na huyo mtu anapokea simu? Kampuni niliyohamia ilinipa namba ya daktari wa wilaya ninayemjua, na nilimpigia mbele yao kuhakikisha.

Jambo lingine la kuhama ambalo sikulijua: bima mpya ina siku za kusubiri. Yangu ni siku 14, ng'ombe akiugua ndani ya hizo siku hawahusiki. Ya zamani iliisha 30 Juni, mimi nikakata mpya 10 Juni ili zipishane. Nikawaambia kampuni zote mbili kwa maandishi kwamba kuna siku zimegongana, nisije nikaonekana nataka kulipwa mara mbili kwa ng'ombe mmoja. Wala hawakuona tatizo.

---

bwana_tumbaku_urambo

Mama umesema kweli tupu. Huku kwetu balaa ni mvua ya mawe. Tumbaku imesimama, majani kama masikio ya tembo, dakika kumi na tano zinatosha kuiacha vitambaa vilivyochanika. Na mawe hayana kata: yanapiga shamba langu, la ng'ambo ya barabara linabaki salama. Kwa hiyo bima ya wastani wa eneo aliyoieleza mleta uzi kwetu ni bure, na mvua ya setilaiti pia ni bure. Sisi tunahitaji mtu aje kwa miguu aone.

Bima yetu inapitia AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, ada inakatwa kwenye malipo ya tumbaku. Mwaka wa kwanza mawe yaliponipiga nikaenda kudai, kumbe kwenye orodha iliyopelekwa bima shamba langu limeandikwa ekari 2 wakati nina 5. Karani alikosea. Nikalipwa za ekari 2. Tangu hapo kila msimu naomba nakala ya hati na orodha ya wanachama, naangalia jina langu na ekari zangu kwa macho yangu kabla mche haujatoka kitaluni. Viongozi wa chama walininunia mwanzoni. Sasa hivi orodha inabandikwa ukutani.

---

jirani_embu

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Embu, Kenya, na ninafuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu haya tumeyapitia. Huku bima ya wastani wa eneo ya mahindi ilianza na mpango wa serikali mwaka 2016, na Embu ilikuwa kati ya kaunti tatu za kwanza, pamoja na Bungoma na Nakuru. Serikali ilibeba nusu ya ada, ndiyo maana wengi wetu tuliweza kuingia.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, kulikuwa na Kilimo Salama. Ulikuwa unanunua mbegu au mbolea dukani, unaongeza kidogo juu ya bei kwa ajili ya bima, malipo yanakuja kwa M-Pesa. Walitumia vituo vya hali ya hewa vya sola, na umbali kati ya shamba lako na kituo ndio ulikuwa mjadala wa kila siku. Mvua huku kwetu inaweza kunyesha upande mmoja wa kilima ukaona vumbi upande wa pili. Setilaiti imepunguza tatizo hilo lakini haijaliondoa, kwa sababu nayo inasoma kwa vipande. Kuna data ya vipande vya kilomita 5 kwa 5, kuna ya kilomita 10. Kama mnanunua ya mvua, mwombe wakala awaonyeshe kwenye ramani kipande chenu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Na kwa wafugaji wa nyanda kavu hali ni nyingine kabisa. Bima ya Marsabit iliyoanza 2010 chini ya watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, haiangalii kama ng'ombe amekufa. Inaangalia ukijani wa malisho kutoka angani. Kumfikia kila mfugaji anayehamahama kuhesabu mizoga kungemaliza pesa yote ya bima. Baadaye walibadilisha ili malipo yatoke mapema, malisho yanapoanza kupotea, mfugaji anunue majani na maji wakati mifugo bado iko hai. Nikisoma habari ya mama wa Rungwe naona tofauti: yeye ana ng'ombe wanne kwenye banda, daktari anafika, bima ya ng'ombe mmoja mmoja inamfaa. Mwenye mia mbili porini haimfai.

---

dada_kongwa

Kaka zangu na mama yangu nisaidieni. Mimi nalima alizeti Kongwa, ekari 15, kwa mkopo wa benki. Nilipochukua mkopo nilikatwa bima pale pale, 90,000. Kwa hiyo mimi tayari nina bima ya shamba, sawa? Nahitaji kuongeza nyingine au kuhama?

---

mshauri_bima_moro

Dada, nimefanya kazi ya udalali wa bima miaka kumi na moja. Tafadhali fungua hati hiyo leo, usingoje kesho. Mara nyingi bima inayokatwa pamoja na mkopo ni bima ya mkopaji: wewe ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa. Alizeti ikikauka haihusiki, na deni ni lako. Nimeona watu wengi wakigundua hili wakati wa kiangazi. Tafuta mstari unaosema kinachokingwa. Kama hakuna neno zao, mvua au mavuno, huna bima ya shamba.

Kama itakuwa ya zao, angalia mlipwaji wa kwanza ni nani. Kwa mkopo huwa ni benki. Fidia ikitoka inapunguza deni kwanza, kinachobaki ndicho chako. Ni halali kabisa, ila ujue mapema usije ukapanga matumizi ya pesa ambayo haitapita mkononi mwako. Na ukitaka kuhama, benki lazima ikubali kwa maandishi.

Niongeze mambo ambayo watu wananiuliza ofisini. Wakala anawakilisha kampuni, dalali anamwakilisha mteja. Najua neno dalali lina sifa mbaya mtaani, lakini kwenye bima ndivyo kazi zilivyogawanywa, na unapouliza nani akutafutie bima kwenye kampuni tatu tofauti, jibu ni dalali mwenye leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Usipokee stakabadhi ya mkono peke yake. Hati halali inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, na kama haionekani humo hiyo siyo bima.

Halafu hili la kuhama. Tangu 2023 tuna konsotia ya bima ya kilimo, ambako kampuni kadhaa zimeungana kubeba hatari hizi pamoja. Ni jambo jema, kwa sababu kampuni moja ikipigwa na ukame wa mkoa mzima inatetereka. Lakini maana yake kwako mkulima ni kwamba unaweza kuhama kampuni ukakuta bidhaa ni ile ile, kipimo kile kile, rangi ya bahasha tu imebadilika. Linganisha kipimo, siyo nembo.

Na ambaye ana ghala au trekta: kata kwa thamani kamili. Ukiwa na ghala la milioni 20 ukalikatia milioni 10 ili ada ipungue, likaungua sehemu ya milioni 4, hulipwi 4. Unalipwa 2, kwa sababu nusu nyingine ulijibebea mwenyewe. Hili limewaumiza watu wazima na akili zao.

Madai yakikataliwa, andika barua kwa kampuni, uwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika unaenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ile barua yenye muhuri ndiyo inayokufungulia mlango huko.

---

kijana_vwawa

Nimesoma yote. Kwa mahindi bado sijashawishika, lakini baba ana ng'ombe wawili wa maziwa na hana hati yoyote ya chanjo. Mama, hao wa bima walitaka nini kabla ya kukukatia?

---

mama_maziwa_rungwe

Mwanangu, daktari alikuja akawaangalia, akaandika umri, akapiga picha upande wa kulia, wa kushoto na uso, akasoma namba ya hereni. Wakataka kadi ya chanjo na rekodi ya kuogesha. Mimi nilikuwa na daftari la maziwa la kila siku, walilipenda sana, linaonyesha thamani ya ng'ombe. Mwambie baba aanze daftari sasa hivi hata kama bima atakata mwakani. Msalimie sana.

---

dada_kongwa

Nimeifungua. Mshauri, umesema kweli. Imeandikwa kifo na ulemavu wa kudumu wa mkopaji. Hakuna alizeti popote. Miaka miwili nimelima nikijua nimekingwa.

Wakala aliyepita hapa kijijini ana bima ya wastani wa mavuno na ana ya mvua. Dirisha la kukata linafungwa kabla ya kupanda. Nichague ipi?

---

mkulima_ismani

Pole sana dada yangu. Afadhali umejua kabla mbegu haijaingia ardhini.

Kwa alizeti ya Kongwa mimi ningeanza na ya mavuno, kwa sababu mvua yenu ni kama yetu, inakatika katikati. Lakini bima ya mavuno ni nzuri pale tu wanapopima kweli zao lako. Yawezekana wana takwimu nzuri za mahindi na za alizeti ni za kukisia. Muulize wakala wastani wa alizeti wa kata yako ni gunia ngapi, umetokana na miaka mingapi, na mwaka jana walivuna viwanja vingapi ndani ya kata. Halafu waulize wazee watatu wa kijiji kama namba hiyo ya wastani inafanana na wanayoijua. Wastani ukiandikwa mdogo kuliko ukweli, mnaweza msifikie malipo hata kata ikivuna nusu.

Kama ya mavuno haina takwimu za alizeti, chukua ya mvua, ila iliyogawa msimu vipande, na kipande cha kutoa maua kiwe na kiwango chake. Akwambie tarehe kinapoanza na kinapoisha, nawe ulinganishe na siku unazopanda. Ukichelewa kupanda wiki tatu, kipande chao cha maua kinaweza kupita shamba lako likiwa bado na majani manne.

Peleka hati ya benki uwaonyeshe watu wa bima, waandike kwamba hii mpya ni ya zao. Wakala akikujibu bila namba, usilipe siku hiyo. Mwambie arudi nazo.